Ngazi ya Rezista

Wengi wenu mlikuwepo muhula uliopita sauti ya mwenyekiti wa chama chetu ilipotoka kwenye ile kompyuta kuukuu ya maabara, ambayo tangu nijiunge na shule hii haijawahi kutoa hata mlio. Tangu siku hiyo naulizwa, "Ulifanyaje, bwana?" Basi leo nitaeleza, na aibu niliyoipata pia nitaieleza.

Kompyuta haihifadhi sauti, huhifadhi namba. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme unaopanda na kushuka, umeme huo ukapimwa mara nyingi kila sekunde. Kwenye diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa sekunde. Lakini spika haijui kusoma namba! Ndiyo maana simu yoyote inayopiga muziki ina kigeuzi ndani yake cha kurudisha namba ziwe umeme.

Changu ni cha kizamani. Miaka ya 1980 kampuni ya Covox ya Marekani iliuza kifaa cha kuchomekwa kwenye tundu la printa, na wapenda ufundi wakang'amua kwamba wanaweza kujitengenezea chao kwa rezista tu. Tundu hilo lina nyaya 8 za data, kila mmoja una volti kama 5 au sifuri. Rezista zikipangwa kama ngazi, waya wa kwanza huchangia nusu ya volti hizo, wa pili robo, wa tatu thumuni, hivyo hivyo hadi wa nane. Ukijumlisha unapata vidato 256, kila kimoja kama volti 0.02.

Ngazi hutaka rezista za aina mbili, moja maradufu ya nyingine. Mimi nilitumia za omu 10,000 pekee (kahawia, nyeusi, rangi ya machungwa), na palipotakiwa 20,000 nikaunga mbili. Jumla 25. Usiunganishe spika moja kwa moja, hutasikia kitu, kwani umeme unaotoka ni dhaifu mno. Pitisha kwenye kapasita, kisha kwenye redio yenye tundu la kuingizia sauti.

Sasa aibu. Niliandika programu fupi ya QBasic, nikaita marafiki, nikawasha. Lo! Sauti ikakwaruza kama mtu anayetafuna njugu. Walicheka hadi machozi. Siku mbili nzima nikakaza nyaya nikidhani zimelegea, mpaka mwalimu wa Fizikia akaniambia, "Kijana, acha kukisia. Pima."

Nikatuma namba moja moja huku nikisoma mita. Zote zilipanda vizuri hadi 127, volti 2.51. Nikatuma 128, zikashuka hadi 2.47! Kumbe kwenye 127 nyaya saba za chini zinawaka, na kwenye 128 zote huzimwa, ule wa kwanza ukawaka peke yake. Rezista zangu zilikuwa na mstari wa dhahabu, yaani zinaweza kukosea kwa asilimia 5. Nami nikapiga hesabu nikaona kwamba kwenye waya wa kwanza, hata asilimia 1 tu yatosha kuishusha 128 chini ya 127.

Kwa nauli niliyojibania (nilitembea wiki mbili, viatu ni mashahidi) nikanunua rezista 100 huko Luthuli, Nairobi. Usiku nikazipima zote nyumbani, mdogo wangu akiandika. Zilizofanana kabisa nikaziweka juu ya ngazi, zile kaidi nikazipeleka chini kwenye waya wa nane, ambako kosa lao halisikiki. Kesho yake mwenyekiti akasema, na kila neno likaeleweka.

Msitarajie muziki wa CD. Huo hutaka vidato 65,536, na rezista za kawaida haziwezi hata ukizichagua mwezi mzima. Wapenda ufundi wengi hununua chipu iliyo tayari, kama PCM5102. Mkwaruzo kidogo bado upo kwenye changu. Nashuku waya wa pili, na Ijumaa baada ya masomo nitaupima. Anayetaka kuja aje na mita, kwani ya maabara ni moja tu.