Je, Wajua? Lita 1.6 za Jana na Lita 1.6 za Leo Katika Safari Rally

Je, wajua kwamba gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1968 na lililoshinda mwaka 2024 yana injini za ukubwa mmoja? Yote mawili ni lita 1.6. La kwanza ni Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, la pili ni Toyota GR Yaris ya Kalle Rovanperä na Jonne Halttunen. Injini ya 404, jinsi ilivyotoka kiwandani, haikufikisha nguvu za farasi 100. Ya Toyota, ikisaidiwa na mota ya umeme, ilipita 500. Siri kubwa ni turbo, kifaa ambacho hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni ya kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huchomwa kwa mpigo mmoja, na nguvu hupanda bila injini kuongezwa ukubwa.

Hata hivyo, 404 si gari la kudharauliwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba vilevile, na miaka yote miwili washindi walikuwa hao hao Nowicki na Cliff, ndani ya 404. Njia ya 1968 ilikuwa karibu kilomita 5,000, kutoka Nairobi hadi Kampala, kurudi Nairobi, kuteremka Dar es Salaam na kurudi tena, wakati wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha. Barabara hazikufungwa. Dereva aliweza kukata kona usiku akakutana na lori la mizigo au kundi la ng'ombe.

Ukiyatazama vizuri magari ya enzi hizo utaona vishikio vimefungwa kwenye buti na vibao vya kukanyagia juu ya bampa la nyuma. Havikuwa mapambo. Gari likizama kwenye matope, mwelekezi, yaani mwenzake dereva, alishuka, akapanda pale nyuma, akashika vishikio na kuruka-ruka ili uzito wake uyakandamize matairi yapate kung'ata ardhi. Likitoka, hakuna kusimama: alibaki akining'inia hadi wafike penye ardhi ngumu. Kwangu mimi, kazi hiyo inastahili heshima sawa na ya aliyeshika usukani.

Je, wajua kwamba mashindano ya kwanza, mwaka 1953, yaliyagawa magari kwa bei ya dukani? Yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na waandaaji walitaka magari ya kawaida, yale ambayo mtu angeweza kuyanunua kesho yake. Ndiyo maana Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe iling'ara mapema. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Leo kushinda kwa gari la kawaida namna hiyo haiwezekani kabisa. Toyota ya Rovanperä ina jina na sura ya Yaris, lakini chini ya bodi hiyo kuna kizimba cha mabomba ya chuma kilichoundwa kwa mashindano tu.

Safari ilichelewa kuikubali fobai. Audi Quattro ilianza kuutikisa ulimwengu wa rally mwaka 1981, ikithibitisha kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huyaacha mengine kwenye theluji na changarawe. Lakini Afrika Mashariki ilitaka gari lisilovunjika kwanza. Toyota Celica yenye turbo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilitwaa ushindi mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986, mikononi mwa Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Fobai ilisubiri hadi 1987, Hannu Mikkola aliposhinda na Audi 200.

Mwaka 1986 ndio uliobadilisha magari haya kuliko mwaka wowote. Yale ya Kundi B, daraja la juu la rally wakati huo, yalikuwa mepesi, yenye nguvu za kutisha, na ulinzi wake ulikuwa haba. Mwezi Machi gari liliuparamia umati Ureno na kuua watazamaji. Mwezi Mei, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Lancia Delta S4 huko Corsica. Kundi B likapigwa marufuku msimu ulipomalizika. Kwangu mimi, kizimba cha leo ndicho maendeleo makubwa kuliko hizo nguvu za farasi 500.

Je, wajua kwamba kati ya 2022 na 2024 hukupaswa kulisukuma gari la rally la daraja la juu kabla ya kutazama taa yake? Magari hayo mseto, yaani ya mafuta na umeme, yalibeba betri ya umeme mkali. Taa ya kijani ilimaanisha ni salama kugusa. Nyekundu, kaa mbali. Mfumo huo uliondolewa mwaka 2025.

Ardhi yenyewe haijali teknolojia. Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, hatua za kushindania zilikuwa kilomita 320 hivi, kwenye barabara zilizofungwa. Hata hivyo Thierry Neuville, aliyekuwa akiongoza siku ya mwisho, alivunjikiwa na shokomzoba ya nyuma kwenye hatua ya Loldia, ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Vumbi laini la hatua ya Kedong na maji ya mitoni yamelirudisha hata lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo, ambalo madereva wa zamani walilijua vyema.

Ukienda kutazama, simama nyuma ya utepe na mahali palipoinuka, wala usimruhusu mtoto akae upande wa nje wa kona. Kizimba humlinda aliye ndani ya gari tu.