Somo la Afya: Moyo Uliopoteza Mwendo

 

Kwanza, kila mmoja aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mnasikia pigo? Hesabuni kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo 60 mpaka 100. Sikilizeni na mwendo wake pia. Moyo mzima hupiga sawasawa, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Moyo mgonjwa mara huharakisha, mara husita, bila mpango.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havisukumi damu, vinatetemeka tu. Mgonjwa huchoka upesi na hutweta akipanda mlima. Wengine hawasikii lolote. Hali hii ikipita siku 7 bila kukoma, haitazamiwi kwisha yenyewe.

Hatari yake ni nini? Damu iliyotuama huganda. Donge likifika ubongoni huziba mshipa, na hicho ni kiharusi. Mwenye ugonjwa huu yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara 5 kuliko mtu mwingine.

Ugonjwa huletwa na shinikizo la damu, pombe nyingi, au maradhi ya tezi ya shingo. Kwetu Afrika Mashariki kuna chanzo kingine kikubwa: homa ya baridi yabisi. Huanza na maumivu ya koo utotoni, kisha huharibu milango ya moyo.

Matibabu yana sehemu tatu.

Ya kwanza ni kuzuia damu isigande. Dawa moja ni wafarini. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi hutoa damu, na ikipungua haifai kitu. Je, aache mnafu na mchicha? La. Mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa, basi ale kiasi kilekile kila wiki. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambao mioyo yao iliharibiwa na baridi yabisi. Waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia dawa mpya, rivaroksabani.

Ya pili ni kupunguza mbio za moyo kwa vidonge.

Ya tatu, kwa wagonjwa wanaofaa, ni kurudisha mwendo kwa dawa au kwa umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kwa desturi hutangulia kunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki 3, na huendelea si chini ya wiki 4 baadaye. Wengi huendelea maisha yao yote.

Moyo uliorudi huweza kupotea tena. Ili kuuzuia, tuliza shinikizo la damu, acha pombe, punguza unene. Aliyeugua baridi yabisi achome sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kama alivyoagizwa. Mtoto mwenye maumivu ya koo apelekwe zahanati.

Ngaramtoni ipo Hospitali ya Selian. Mjini Arusha ipo ya Mount Meru. Moshi ipo KCMC. Upasuaji wa moyo hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Shikeni haya. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Donge halipigi hodi. Usichanganye wafarini na dawa za maumivu wala miti shamba bila kumwuliza daktari. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitazamia, amwambie daktari mapema, maana wafarini huweza kumdhuru mtoto. Ukiona choo cheusi au damu isiyokoma, nenda hospitali. Na mtu akipindika mdomo, akilegea mkono, au akishindwa kusema, apelekwe saa ileile.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini damu huganda moyoni?
2. Mgonjwa wa wafarini ale mboga namna gani?
3. Nauli ya kwenda kupimwa ikikosekana, jamaa na majirani wafanyeje?