Chaji, Kani na Uga

Asimamaye Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, huweza kuliona wingu la mvua likimeta umeme juu ya bonde la Ruvuma. Neno umeme, lililokuwa jina la mmweko huo wa mawinguni, ndilo tulitumialo pia kwa kile kipitacho katika nyaya. Jina halikukosea, maana asili ya vyote viwili ni moja, nayo ni chaji.

Chaji ni za aina mbili: chanya na hasi. Za aina moja husukumana, za aina mbalimbali huvutana. Msukumo au mvuto huo huitwa kani. Neno nguvu lina maana nyingi mno. Mwaka 1785 Coulomb, Mfaransa, alionyesha kwamba umbali baina ya chaji ukiwa maradufu, kani hupungua hata kuwa robo.

Je, kani hufikaje pasipo kugusana? Hapa ndipo lifaapo neno uga. Kwa asili uga ni mahali peupe penye mji. Katika fizikia ni eneo lizungukalo chaji, ambamo chaji nyingine ikiingia hupatwa na kani.

Tumbo la wingu la radi kwa kawaida huwa na chaji hasi, na ardhi iliyo chini yake hupata chanya. Uga baina yao hukazana vileleni mwa vitu virefu. Basi mkorosho uliosimama peke yake ni kimbilio baya: mkulima ajikingaye chini yake yumo ugani kabla radi haijapiga.