Kuku wa Sinema na Macho ya Wanakijiji

Wapenzi wa sinema wana mchezo wao: kutafuta vitu vilivyojificha nyuma ya picha. Alfred Hitchcock alizoea kupita kidogo ndani ya filamu zake mwenyewe. Katika Lifeboat ya mwaka 1944, ambayo yachezwa mashuani baharini, hapakuwa na pa kupita. Basi sura yake ikachapwa gazetini, katika tangazo la dawa ya kupunguza unene. Katika Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, roboti wawili wa Star Wars wamechorwa kati ya maandishi ya Misri ya kale.

Hayo yaliwekwa kwa makusudi. Mengine hupenya yenyewe. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, mtoto aliyeketi nyuma mkahawani anaziba masikio kabla bastola haijalia!

Lakini kisa kinachotugusa sisi ni cha kuku. Mwingereza mmoja, John Wilson, alieleza jinsi filamu ya afya ilivyoonyeshwa katika kijiji cha Afrika. Bwana afya aliitengeneza polepole, ikionyesha mtu akiondoa maji yaliyotuama na makopo matupu uani. Kisha watazamaji wakaulizwa: Mmeona nini? Wakajibu: Kuku.

Waonyeshaji wakashangaa, maana hawakujua kuwa mna kuku. Wakaikagua filamu picha baada ya picha. Naam, kuku alikuwamo: alishtuliwa, akaruka, akapita pembeni chini kwa muda wa kama sekunde moja tu.

Marshall McLuhan alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, kuwa ushahidi kwamba asiyezoea kusoma hajui kuitazama picha nzima. Hapo ndipo penye ubishi. Nani aliyeshindwa kuona? Wanakijiji walipoulizwa zaidi walisema kuwa mtu pia walimwona. Mtengenezaji, mwenye mashine na elimu yake, ndiye asiyemwona kuku wake mwenyewe.

Tuliangalie jambo hili kutoka Kisian, magharibi ya Kisumu, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Hapo pana kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na malaria ni katika kazi zake kubwa. Pwani hiyo ya ziwa, mbu si hadithi ya sinema. Maradhi yake huzika watoto. Mafunzo ya afya yakipotea njiani, hasara yake ni roho za watu.

Mama wa huko anajua kuwa kuku akiruka kwa kishindo, pengine mwewe yuko juu au mbwa yuko uani. Kuku ni mali. Mtu anayeokota kopo kwa mwendo wa kinyonga hana habari yoyote ya kumpa. Jicho lake limefanya kazi yake sawasawa. Aliyekosa ni yule aliyedhani ua wa watu ni pazia la nyuma tu.

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetaka kuwafundisha watu kwa picha, awaketishe kwanza wenyeji waitazame, awaulize wameona nini, na jibu lao alipokee bila kucheka. Wakisema kuku, basi na amtafute kuku.