Mashine ya Kupima Misuli: Kiritiri Inunue Ipi?

Sokoni Kiritiri mnunuzi wa mbuzi hupapasa mgongo wa mnyama, akabonyeza kiuno kwa kidole gumba, kisha akataja bei. Mkono huo una ujuzi wa miaka mingi, lakini hauwezi kujua mafuta yamejipenyeza wapi ndani ya mnofu, wala kwa nini nyama ya mbuzi mmoja huvuja maji buchani na ya mwingine hukaa vizuri. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: kijana akichanika msuli wa paja uwanjani, kidole cha kocha hakifiki ndani. Vyombo vya kuona ndani vipo, na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Chuo, chama cha wafugaji au kituo cha afya cha huku Mbeere Kusini kikipata fedha, kinunue kipi?

Tuanze na MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, maana ndiyo inayotamaniwa na wengi. Takriban robo tatu ya uzito wa msuli ni maji, na maji yana hidrojeni. Viini vya hidrojeni vikiingizwa kwenye sumaku kali hujipanga; vikipigwa mawimbi ya redio huyumba, kisha hutulia. Muda wa kutulia ndio habari yenyewe. Msuli uliovimba, uliotoka kufanyishwa kazi ngumu au ulioingiwa na mafuta hautulii kwa mwendo sawa na ule mzima. Hakuna mionzi ya eksirei, kwa hiyo mtu yuleyule au mbuzi yuleyule anaweza kupimwa leo na kurudiwa mwezi ujao.

Mashine kubwa ya hospitali huwa ya tesla 1.5, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Kipimo cha haraka kinachotumiwa katika biashara hii ni dola milioni moja kwa kila tesla. Kwa shilingi 129 kwa dola, mashine hiyo ni karibu shilingi milioni 194. Bado hujajenga chumba cha kuzuia mawimbi ya redio ya nje, hujaweka mtambo wa kupoza, na hujalipia mkataba wa matengenezo, ambao mara nyingi hukaribia asilimia 10 ya bei kila mwaka. Sumaku yake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Miundo ya zamani hubeba zaidi ya lita elfu moja. Baadhi ya mipya iliyofungwa kabisa hutumia lita chache tu. Stima ikipotea kwa muda mrefu, upoaji husimama na hasara huanza kuhesabika. Na mbuzi haingii hivihivi: avuliwe kengele na hereni ya chuma, apewe dawa ya usingizi, asimamiwe na daktari wa mifugo.

Inachotoa ni kikubwa, siwezi kukataa. Mwaka 1974 watafiti wa Oxford walisoma fosforasi ndani ya msuli mzima wa mguu wa panya, wakaona akiba ya nguvu ya msuli bila kuukata vipande. Miaka michache baadaye njia hiyo ilitumika kwa wagonjwa wa misuli. Lakini angalia hapa kabla ya kutoa pesa: mashine ya kawaida ya hospitali husoma hidrojeni peke yake. Uwezo wa kusoma fosforasi huuzwa kando, pamoja na koili zake.

Kwa hiyo anayehitaji picha kali za misuli ya watu akodi saa, asinunue. Tuseme kipimo kimoja Nairobi kinatozwa shilingi 25,000. Watu 20 wakipimwa mara mbili ni shilingi milioni moja, yaani sehemu ndogo sana ya zile milioni 194, hata ukiongeza nauli. Bima ya afya ya taifa, SHA, ni ya matibabu, si ya utafiti, kwa hiyo fedha hizo ziwekwe kwenye bajeti, pamoja na gharama ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Njia inayonipa matumaini zaidi iko kwa jirani. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kilipokea kwa ndege kutoka Uholanzi vipande vya MRI ya tesla 0.05. Walimu wanne na watu sita wasio na mafunzo ya awali wakakaa chini, wakachambua sumaku ndogondogo moja baada ya nyingine, wakazipanga kwenye pete, wakazungusha koili, wakaunda toroli ya aluminiamu. Tangu mzigo ufike hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Haihitaji heliamu, na inatumia soketi ya kawaida ya ukutani. Lengo lao la kwanza lilikuwa watoto wenye maji kichwani, lakini sumaku ya muundo huo iliyotengenezwa Leiden, hukohuko Uholanzi, yenye tundu la sentimita 27, imepiga picha za goti pia. Mguu wa mbuzi unaingia. Vifaa ni vya makumi ya maelfu ya euro. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, na fosforasi usiitarajie, lakini fundi aliyeiunda ndiye atakayeitengeneza. Kwa chuo kama cha Embu, hiyo peke yake ina thamani kubwa.

Anayetafiti nyama ya mnyama aliyechinjwa ana chombo kingine, mashine ndogo ya mezani inayotumia sumaku na mawimbi ya redio vilevile. Haitoi picha; unaweka gramu chache za mnofu kwenye mrija, nayo inakuambia maji yaliyoshikwa na nyama na yale yatakayovuja. Nayo huuzwa makumi ya maelfu ya dola.

Chama cha wafugaji, tafadhalini, msiende huko kote. Nunueni ultrasaundi. Kipimo cha mkononi kinachounganishwa na simu hupatikana kwa dola 2,000 hadi 4,000, ingawa baadhi hudai ada ya programu kila mwaka. Nyoa manyoya kati ya ubavu wa 12 na wa 13, paka jeli, weka kipimo: upana wa mnofu wa mgongo na unene wa mafuta vinaonekana mbuzi akiwa amesimama. Kituo cha afya kitumie aina hiyohiyo, iliyoidhinishwa kwa binadamu, kutazama msuli uliochanika, na kumpeleka MRI yule tu ambaye jeraha lake halijaeleweka.

Uamuzi wangu: ultrasaundi kwanza, saa za kukodi Nairobi kwa picha kali, na chuo kijifunze kwa Mbarara. Chochote mtakachonunua, muuzaji aandike kwenye mkataba fundi atatoka mji gani, atafika ndani ya siku ngapi, na vipuri vitauzwa bei gani. Akikataa kuandika, msitie sahihi.