Shamba la sola na tenki: maji kwanza, karatasi pili, paneli mwisho

Ukikaa Xiaobei Jumapili jioni, hukosi kusikia habari za shamba. Mmoja anataka ekari tano Bahi, mwingine Chamwino, na Mkenya ana Kajiado yake kichwani. Ndoto ni ile ile: nyumba ndogo, kuku, miembe kadhaa, sola juu ya bati na tenki pembeni. Hakuna luku, hakuna bili ya maji, hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango. Kwa mtu anayelipia kitanda Guangzhou kila mwezi, tunaelewa kabisa ndoto hiyo inatoka wapi.

Hatuipingi. Tunachopinga ni mpangilio. Wengi wetu tunaanza na kilicho karibu na macho, na hapa kilicho karibu ni sola. Maonyesho ya Canton yanafanyika Pazhou mara mbili kwa mwaka, wauzaji wa paneli wamejaa, bei inavutia. Basi mtu ananunua paneli sita na betri, analipa kago, vitu vinakaa stoo kwa shemeji Dar miaka miwili vikisubiri shamba ambalo bado halijapatikana. Betri iliyolala bila kuchajiwa inachoka yenyewe. Tena betri za lithiamu zinahesabiwa mzigo hatari melini, zina masharti yake. Viwanda vya sola havihami kesho. Acha viendelee kushusha bei wakati wewe unatafuta maji.

Ndiyo, maji. Umeme utaupata popote jua linapowaka, lakini shamba lisilo na maji ni kichaka chenye risiti. Hesabu yenyewe ni rahisi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma inapata kama milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Bati la mita 10 kwa 6 lina mita za mraba 60, kwa hiyo ni lita 33,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na kama lita 26,000. Sasa familia ya watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, inatumia lita 36,500 kwa mwaka. Umeona? Bati halitoshi, na hapo kuku hawajanywa na mchicha haujamwagiliwa. Unahitaji paa la kama mita za mraba 85, na tenki za kukuvusha miezi saba ya kiangazi, yaani lita 21,000. Simtank nne za lita 5,000 bado zinapungua kidogo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuuliza bei ya ekari, maana ndiyo itakayokwambia gharama halisi ya kuishi pale.

Muuzaji atakwambia, "Maji yapo, unachimba tu." Huenda ni kweli, lakini maji gani? Sehemu za Arusha, Manyara na Singida zina floraidi nyingi ardhini, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na ikizidi inaharibu mifupa ya watoto. Kwingine ni chumvi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, lipa mtaalamu apime kama maji yapo chini, na umtume mtu achukue maji ya kisima cha jirani yakapimwe maabara. Ni gharama, tena inauma kwa sababu unalipia kitu ambacho unaweza usikinunue. Sisi tunaona ndiyo hela bora kuliko zote utakazotuma. Ukija kuchimba, kibali kinatoka ofisi ya maji ya bonde husika.

Na lile shamba zuri pembezoni mwa mto? Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kama shamba lenyewe lina upana wa mita 70, umenunua mita 10.

Baada ya maji, karatasi. Ardhi ya bei chee ya kuishi mbali na gridi mara nyingi ni ardhi ya kijiji, na hiyo ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Hapa ndipo watu wanalizwa. Karatasi ya mauziano yenye sahihi ya mwenyekiti na mashahidi wawili haitoshi. Halmashauri ya kijiji lazima ikae, iridhie, na muhtasari wa kikao uandikwe. Mahakama zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa hiyo hayasimami. Mwambie ndugu yako aombe nakala ya muhtasari, asilete stori. Aulize pia mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Kijiji kikiwa nao, unaonyesha wapi ni makazi, wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu. Pori linalouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingine ni malisho ya watu, na wafugaji watarudi kiangazi ng'ombe wakiwa na kiu. Mambo yakienda sawa, omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Kama ni kiwanja kilichopimwa na chenye hati, upekuzi unafanyika kwa msajili wa hati.

Kwa Wakenya, fanyeni sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, na kwa shamba la kilimo msisahau idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, bila hivyo mkataba unakufa na unabaki kudai hela zako kama deni. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 shambani na 4 mjini, uweke kwenye bajeti mapema.

Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema: nani ananunua kwa niaba yako? Kaka anayetumiwa hela kwa simu halafu anaandika jina lake "kwa muda" si lazima awe mwizi. Anaweza kufa, kuachika au kukopa, na shamba likahesabika mali yake. Andika hati ya uwakilishi inayotaja shamba hilo tu, yenye kikomo cha muda, inayosema wazi kwamba hati itoke kwa jina lako. Watanzania wana ubalozi mdogo hapa hapa Guangzhou wa kuulizia namna ya kuithibitisha. Wakenya waulize ubalozi wao Beijing. Na mtu anayekwenda kukagua asiwe yule yule anayelipa. Mmoja akanyage shamba, mwingine ashike fedha.

Hela ya shamba isipite njia ya "mpe jamaa yuan hapa, mama anapokea shilingi kule". Tunajua inarahisisha, wengi tunaitumia kwa matumizi ya nyumbani. Lakini ukifika barazani kudai haki, utaonyesha nini? Tuma kwa benki, hata kama wataomba mkataba wa kazi na risiti ya kodi ya mshahara, moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, kwa mafungu: kidogo baada ya upekuzi, kikubwa baada ya muhtasari wa kijiji, mwisho mawe ya mipaka yakishawekwa na majirani wakishasaini.

Sola? Nyumba yenye taa, simu, runinga na friji ndogo inatumia kama uniti moja na nusu kwa siku. Paneli ya wati 500 kwenye jua la Dodoma la saa tano inatoa uniti 2.5, ukitoa upotevu inabaki kama 1.7. Paneli moja, au mbili kwa usalama wa siku za mawingu. Zile sita ulizotaka kununua Pazhou zitafaa siku utakapokuwa na pampu ya kisima.