Sanaa ya Mitaani Inapoingia Dukani

Galari ya duka ni mahali ambapo biashara mbili huishi chini ya paa moja: mbele huuzwa fulana, vitabu vya katuni, mabango, beji na wanasesere, na kwenye kuta za nyuma, au katika chumba cha pembeni, hutundikwa michoro halisi inayobadilishwa kila baada ya wiki chache, kila mmoja ukiwa na jina la mchoraji na bei yake. Galari ya kawaida, yaani ukumbi wa kuonyeshea na kuuzia kazi za sanaa, nayo huuza, lakini mara nyingi bei haionekani popote, ukimya wake humfanya mpita njia ahisi kwamba hakualikwa, na mtu asiyejua mambo ya sanaa huona haya kuuliza. Dukani haya hiyo haipo, kwa kuwa karibu kila mtu anajua tangu utotoni namna ya kuingia, kutazama, kuuliza bei na kuondoka bila kununua. Jambo hilo, dogo kama linavyoonekana, lina uzito mkubwa katika historia ya sanaa ya mitaani, kwa sababu mchoro uliotoka ukutani mwa barabara, ambako kila mtu aliuona bure, ulihitaji mahali pa kuuzwa ambapo watu wale wale waliouzoea wasingefungiwa mlango.

Sanaa ya mitaani ni jina la jumla la michoro, maandishi, mabango na vibandiko vinavyowekwa kwenye kuta, madaraja, treni na sehemu nyingine za umma, mara nyingi bila ruhusa. Grafiti, ambayo kiini chake ni jina au alama ya mchoraji iliyoandikwa kwa rangi ya kupuliza, ni tawi lake lenye kanuni zake na ushindani wake. Utamaduni pendwa ni ile hazina ya wahusika, nyimbo, filamu, katuni, michezo na matangazo ambayo watu wengi huifahamu bila kufundishwa shuleni. Mambo haya mawili, sanaa ya mitaani na utamaduni pendwa, hukutana mara kwa mara, na msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuyaona yakikutana kwenye matatu za Nairobi, ambazo hubeba ubavuni nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira na wahusika wa sinema, zikazizungusha jijini kutwa nzima.

Wazo la msanii kugeuka mwenye duka lilipata sura yake mashuhuri mwezi Desemba 1961, pale Claes Oldenburg, mchongaji aliyezaliwa Sweden na kukulia Marekani, alipofungua chumba cha biashara katika Mtaa wa East Second, upande wa mashariki ya chini ya Manhattan, jijini New York. Alikiita Duka, bila kuongeza neno. Nyuma palikuwa karakana yake, na mbele alipanga vitu zaidi ya 100 alivyovifinyanga kwa plasta juu ya kitambaa na wavu wa banda la kuku: vipande vya keki, mashati, viatu, nyama. Vyote alivipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile inayonunuliwa kwenye makopo kwa kupakia milango na madirisha, na bei zake zilikuwa na senti kama za bidhaa za kawaida. Mtaa wenyewe ulikuwa wa maduka ya vitu vya rejareja, kwa hiyo keki ya plasta ilikaa jirani na keki ya kuliwa, na hakuna aliyehitaji kuvuka mji ili kuitazama.

Miaka michache baadaye, mwaka 1968, mwanamume kutoka Tunduru aliyekuwa amefanya kazi za vibarua na za nyumbani Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya aina hiyo hiyo, iliyojulikana zaidi kama rangi ya baiskeli, juu ya mbao nyembamba za kutengenezea dari. Michoro yake iliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni na wakazi wa eneo hilo walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Hakuna ushahidi kwamba Tingatinga aliwahi kusikia habari za Oldenburg, na hakuhitaji kuzisikia: mahitaji ya maisha yalimfikisha kwenye jibu lile lile, kwamba picha iende pale watu walipo na pesa zao mkononi. Alifariki mwaka 1972, akiwa na takriban miaka 40, kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza karibu na mahali pale pale, na kutokana nao kikazaliwa chama cha ushirika chenye jina lake. Historia za sanaa zinazoandikwa Ulaya na Marekani humweka Tingatinga katika sura ya sanaa ya watalii na Oldenburg katika sura ya majaribio makubwa ya karne, na mgawanyo huo hauwatendei haki wachoraji wa Oyster Bay, kwa kuwa walichouza na namna walivyokiuza kilihitaji ubunifu usiopungua wa New York.

Turudi New York. Mwishoni mwa miaka ya 1970 treni za chini ya ardhi za jiji hilo zilikuwa zimefunikwa na grafiti, na vijana wengi waliozichora hawakuwahi kuingia katika galari yoyote. Mwaka 1981 mwigizaji Patti Astor na mwenzake Bill Stelling walifungua chumba kidogo chenye mlango wa barabarani katika eneo la East Village, na mchoraji Kenny Scharf akakibatiza jina la Fun, yaani raha. Katika galari hiyo ndogo walionyesha kazi zao wachoraji wa grafiti Lee Quiñones, Fab 5 Freddy, Dondi na Futura, na mwaka 1982 Jean-Michel Basquiat, ambaye tayari alikuwa anatafutwa na wafanyabiashara wakubwa wa sanaa. Usiku wa ufunguzi ulikuwa na muziki wa hip-hop na umati uliofurika hadi barabarani. Fun ilifungwa mwaka 1985, wakati kodi za eneo hilo zilikuwa zikipanda na galari tajiri zikiwachukua wachoraji iliowalea.

Aliyelifikisha wazo la msanii mwenye duka mbali kuliko wengine ni Keith Haring. Alizaliwa mwaka 1958 huko Pennsylvania, akahamia New York mwaka 1978 kusoma sanaa, na katika vituo vya treni za chini akagundua kwamba ubao wa tangazo ambalo muda wake umekwisha hufunikwa karatasi nyeusi isiyong'aa hadi tangazo jipya litakapobandikwa. Karatasi hiyo ilipokea chaki nyeupe vizuri. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985 alichora humo mtoto anayetambaa huku akitoa miale, mbwa anayebweka, watu wanaocheza na vyombo vya angani, kwa mstari mmoja usiorekebishwa, kwa kuwa chaki haikumpa nafasi ya kufuta na polisi hawakumpa muda. Alikamatwa mara kadhaa, na siku nyingine alimaliza michoro hadi 40. Wasafiri waliifahamu michoro yake kabla ya kulijua jina lake. Kisha, alipoanza kuuza turubai kwa bei kubwa, watu wakaanza kuibandua michoro ya chaki na kuiuza, na kazi iliyokusudiwa kuwa ya wote ikawa inaishia majumbani mwa wachache.

Aprili 1986 alifungua Pop Shop, nambari 292, Mtaa wa Lafayette. Mteja aliyeingia alijikuta ndani ya mchoro, kwa sababu Haring alikuwa amepaka kuta na dari mistari minene myeusi juu ya rangi nyeupe, ikijipinda na kuungana bila kuacha pembe tupu. Vilivyouzwa vilikuwa fulana, beji, sumaku, mabango na midoli, vyote vikiwa na michoro ile ile ya vituo vya treni. Wakosoaji wengi waliona amejishusha, na wengine walisema ameiuza sanaa yake kwa reja reja. Jibu lake lilikuwa la mtu anayejua hesabu: kama fedha ndiyo ingekuwa haja yake, angechora turubai chache tu na kupandisha bei. Alitaka mahali ambapo mkusanyaji wa sanaa na mtoto wa Bronx wangeingia kwa mlango mmoja, na Andy Warhol, aliyekuwa ametumia maisha yake kuondoa ukuta kati ya sanaa na bidhaa, alimuunga mkono.

Jibu la Haring lina nguvu kuliko lawama za wakosoaji wake. Katika sanaa iliyozaliwa barabarani bei ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo rangi na mstari, kwa sababu ndiyo inayoamua nani ataendelea kuishi na picha ile. Fulana yenye mtoto wa miale iliyovaliwa ndani ya treni iliurudisha mchoro kwa abiria wale wale waliouona kwanza kwenye karatasi nyeusi, na kazi hiyo turubai iliyofungiwa katika nyumba ya tajiri isingeweza kuifanya.

Namna galari ya duka inavyojiendesha inastahili maelezo. Kodi ya chumba hulipwa kwa bidhaa ndogo ndogo, ili maonyesho ya ukutani yaweze kuthubutu kumwonyesha mtu asiyejulikana. Kati ya beji na mchoro halisi hukaa chapa, yaani nakala zilizotengenezwa kwa idadi maalumu, mara nyingi kwa uchapaji wa skrini: wavu laini huvutwa juu ya fremu, sehemu zisizotakiwa huzibwa, rangi husukumwa kwa ukingo wa mpira ipenye hadi kwenye karatasi, na kila rangi huhitaji wavu wake. Ni ufundi ule ule unaotumiwa na wachapaji wa fulana za kampeni na za vikundi. Zinapokauka, mchoraji huzitia sahihi na kuandika kwa penseli sehemu kama 17/100, maana yake ni nakala ya 17 kati ya 100. Michoro halisi ikinunuliwa hubandikwa kiduara chekundu kando yake na hubaki ukutani hadi maonyesho yaishe, na mwenye galari kwa kawaida huchukua karibu nusu ya bei.

Los Angeles iliupokea mfumo huu kwa moyo wote. Billy Shire, mwenye duka la Soap Plant, alianzisha galari ya La Luz de Jesus mwaka 1986, na humo wachoraji waliotokea kwenye vichekesho vya katuni, magari ya kurembwa na tatuu wakapata kuta. Upande wa magharibi wa jiji, Eric Nakamura na Martin Wong walianza mwaka 1994 na jarida la kurudufu kwa fotokopi, Giant Robot, kuhusu utamaduni pendwa wa Asia na wa Wamarekani wenye asili ya Asia. Mwaka 2001 wakafungua duka katika barabara ya Sawtelle, na mwaka 2003 galari ng'ambo yake. Huko ndiko wachoraji Mark Todd na Esther Pearl Watson walianzisha mwaka 2005 maonyesho ya vijikaratasi vya njano vya kubandika, vile vinavyotumika ofisini kuandikia ukumbusho, vya inchi 3 kwa 3. Mamia ya vijikaratasi vyenye michoro halisi hupangwa ukutani safu kwa safu, na kila kimoja huuzwa kwa bei moja, awali dola 20, awe amekichora mtu mashuhuri au mwanafunzi. Mnunuzi huondoka nacho hapo hapo. Kwa kuwa bei haimwambii kipi ni bora, hulazimika kutumia macho yake, na foleni huanza mapema sana.

Hatari ya mfumo huu hutoka kwa walanguzi na waghushi. Tawi la Pop Shop lililofunguliwa Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1980 halikudumu, kwa kuwa bidhaa bandia zilikuwa tayari zimelijaza soko. Mchoraji wa Uingereza anayejulikana kwa jina la Banksy alimweka mzee mmoja auze michoro yake kando ya bustani ya Central Park mwezi Oktoba 2013, kwa dola 60 kila mmoja, bila kutaja jina. Siku nzima zikapatikana dola 420, na mwaka uliofuata michoro miwili kati ya hiyo iliuzwa mnadani London kwa jumla ya zaidi ya pauni 100,000. Alipofungua duka la kutazamwa kwa madirisha tu huko Croydon, kusini mwa London, mwezi Oktoba 2019, akiwa katika mgogoro wa alama ya biashara na kampuni ya kadi za salamu, bidhaa zake zilianzia pauni 10 na aliyeomba kununua alitakiwa kujibu kwa maandishi kwa nini sanaa ina umuhimu. Milango haikufunguliwa. Hatua hiyo ilizuia ulanguzi kwa kiasi fulani, lakini ilimnyima mpita njia kile ambacho duka la Haring la Mtaa wa Lafayette lilimpa, yaani haki ya kuingia.

Haring alifariki Februari 1990 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 31. Duka lake liliendelea hadi mwaka 2005, na mapato yake yalisaidia wakfu aliouanzisha mwaka 1989 kwa ajili ya watoto na mashirika yanayopambana na ugonjwa huo. Sehemu ya dari ya duka hilo sasa iko katika ukumbi wa kuingilia wa jumba la makumbusho ya historia la New York, na fulana zenye michoro yake bado zinauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa jiji anaimudu.